Jiko la Mkunga

Niseme ukweli mapema: mimi ni mtu wa kinyongo. Wengine wakikosewa hulia, wengine husamehe, mimi huweka. Ukinikosea leo, baada ya miaka mitatu nitakukumbusha siku, saa na shati ulilovaa. Dada yangu hayuko hivyo. Dada ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi kwa kuuweka pale. Ndiyo maana habari hii, ingawa ni yake, naisimulia mimi. Yeye angeimaliza kwa maneno mawili na kurudi kwenye randa yake.

Dada ni seremala wa makabati ya jikoni. Viganja vyake vina sugu kama nyayo za mtu mwingine, na penseli haimtoki sikioni hata akienda msibani. Kazi yangu mimi ni msasa na vanishi: yeye anaunda, mimi nalainisha. Tunafanya kazi katika banda lililo nyuma ya nyumba aliyotuachia marehemu baba, tukigombania redio.

Kabla ya banda hilo, dada alifanya kazi miaka kumi na tano kwenye karakana ya mtu tuliyemwita Profesa. Shule yenyewe Profesa aliiona kwa nje, ila mfuko wa shati lake ulikuwa na kalamu nne kila siku, na alizitumia kutia sahihi chini ya kazi za watu. Kupima hajui. Msumeno akiushika, mafundi wanasogea. Lakini ukimwona mbele ya mteja, loo! Anavyopunga mikono, anavyosema "mimi nimekuchorea hivi," ungedhani kazaliwa na bapa la mbao mkononi.

Siku ya kwanza dada alipoanza kazi kule, Profesa aligawa futi za kupimia. Wanaume walipewa mpya. Dada akatupiwa futi kuukuu ya chuma iliyokatika pua, sentimita za mwanzo hazipo kabisa. "Mwanamke utapima nini wewe? Chukua hiyo," akasema, na watu wakacheka. Mimi ningemrudishia hiyo futi puani. Dada aliiokota, akaitazama, akaanza kupimia kwenye kumi. Futi ikisoma sabini, yeye anajua ni sitini. Kwenye karatasi anaandika sabini kama futi ilivyosema, halafu akifika kwenye msumeno anatoa kumi kichwani. Hivyo hivyo miaka kumi na tano, na hakuna hata kabati moja lililomkataa. Profesa hakuwahi kuuliza anafanyaje. Angeulizaje, na kupima hajui?

Dada aliondoka kule siku mteja mmoja alipouliza ni nani aliyebuni jiko lake. Fundi mmoja mzee, mtu mwema, akamwonyesha dada kwa kidole. Profesa akacheka: "Huyu? Huyu anatuchemshia chai." Dada akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza. Alitoka na ile futi yake tu. Baadaye nilimnunulia mpya, nzuri, ya manjano. Akaitumia siku mbili, akairudisha kwenye droo. Akasema mkono wake umeshazoea kuanzia kumi.

Sasa ndipo akaja Mkunga.

Mkunga alikuwa amestaafu mwaka uliotangulia. Nusu ya mtaa wetu walipokelewa na mikono yake, mimi nikiwamo, na bado alikuwa akitutazama kama watoto ambao hawajaoshwa. Mfupi, mnene kidogo, magoti yamechoka kwa kusimama wodini. Jiko lake lilikuwa aibu: kabati la chini ya sinki limevimba maji, milango inaning'inia kwa bawaba moja moja, na ili afike kwenye sufuria ilimbidi apige magoti. "Maisha yangu yote nimeinamia watu," alituambia. "Nataka jiko ambalo sitaliinamia."

Hilo lingekuwa jiko la kwanza la dada kwa jina lake mwenyewe. Na Mkunga si mtu mdogo. Akikusifu, mtaa mzima umekusifu, na akikukataa, ufungashe virago. Dada alilijua hilo. Usiku wa kuamkia siku ya kupima alinyoosha gauni lake la kazi kwa pasi, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Tulipofika akamwambia Mkunga, "Mama, simama hapa upike."

"Nipike nini, mwanangu? Hata moto sijawasha."

"Pika hewa, mama."

Mkunga alicheka mpaka akashika ubavu, lakini akapika. Akachukua sufuria tupu, akaenda kwenye friji, akarudi kwenye sinki, akakata mboga ambazo hazikuwapo, akakoroga, akaonja, akaongeza chumvi ya hewa. Dada nyuma yake na chaki, anaweka alama sakafuni kila mguu unapokanyaga. Mwisho akahesabu: hatua thelathini na moja kwa sufuria moja. Akampima Mkunga kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko. Akapima ukuta kutoka kwenye kona mpaka mlango wa nyuma, akapima dirisha, akapima bomba la maji machafu linapotokea. Vyote kutoka kona ile ile, vyote kwa futi yake ya kuanzia kumi.

Kisha wakapanga, na mimi nimekaa juu ya ndoo nasikiliza. Chini kusiwe na milango, ziwe droo pana zinazovutika mpaka mwisho, ili sufuria imfuate mama na si mama kuifuata sufuria. Chini ya sinki uwekwe ubao unaostahimili maji, kingo zake zote zifunikwe, na makabati yasimame juu ya vimiguu vya plastiki yasinywe maji ya deki. Milango iwe rangi ya maziwa isiyong'aa, maana inayong'aa huonyesha kila kidole. Juu ya droo lingelala bamba la jiwe, na jiwe hilo Mkunga alilichagua mwenyewe: jeupe lenye mishipa ya kijivu, kipande cha mwisho pale kwa muuza mawe. Alikuwa amelitembelea mara tatu, analipapasa kama mgongo wa mtoto.

Dada akachora kwa siku tatu. Mchoro ule ulikuwa mzuri kiasi kwamba Mkunga aliubandika kwenye mlango wa friji, akawa anawaonyesha wageni. Hapo ndipo balaa lilipoingia, maana mmoja wa wageni alikuwa Profesa.

Alikwenda kusalimia, eti, na yote yaliyofuata nililetewa na jirani aliyekuwapo. Akauona mchoro, akatoa simu, akapiga picha. Baada ya wiki akarudi na mchoro ule ule umechapwa kwa kompyuta, una rangi, una vivuli, na chini jina lake limelala na sahihi juu yake. Akamwambia Mkunga kwamba dada alikuwa kibarua wake, kwamba mchoro ni wake yeye Profesa, nyumba hii aliipima yeye mwenyewe zamani wakati wa mwenye nyumba wa kwanza, na dada aliondoka karakanani na makaratasi yasiyo yake. Kwa maneno mengine, mwizi. Na akaongeza kwamba makabati ya juu yakifungwa na mwanamke, siku moja yatamwangukia mtu kichwani.

Mkunga akampigia dada simu. "Mwanangu, nimesikitika sana. Ungeniomba kazi kwa uwezo wako ningekupa. Lakini kitu cha kuiba sikitaki nyumbani kwangu." Akakata. Dada alipopiga tena, simu haikupokelewa, wala siku iliyofuata.

Dada alikaa juu ya benchi la kazi, mikono mapajani. Hakulia. Alisema tu, "Ameniita mwizi," kwa sauti ya mtu anayejaribu neno la lugha ngeni. Mimi nilikuwa nazunguka banda nikipiga teke kila kilicho mbele yangu. Nilitaka kwenda kumchomoa Profesa zile kalamu nne moja moja. Nilitaka mengi ambayo siwezi kuyasema mbele za watu.

Kisha dada akainua kichwa. "Amepiga picha mchoro wangu? Na namba zake?"

"Kila kitu! Namba zote!"

Kona ya mdomo ikamcheza. "Namba zile hazijatolewa kumi," akasema.

Jamani! Nilikaa chini. Nilicheka mpaka machozi, nikapiga sakafu kwa kiganja. Ukuta wa mita tatu na sitini, karatasi inasema tatu na sabini. Meza ya kazi ya Mkunga, ambayo kwa ufupi wake ilitakiwa kuishia sentimita themanini na mbili, karatasi inasema tisini na mbili, na Profesa hawezi kustuka kwa sababu hicho ndicho kimo cha kawaida cha watu wengine. Shimo la sinki, kumi pembeni ya bomba. Na kwenda kupima upya hathubutu, kwa sababu alishaapa kwamba alipima mwenyewe! Njia ya mwongo ni fupi, na huyu yake ilikuwa fupi kwa sentimita kumi kamili. Futi ile aliitupa yeye mwenyewe kwa dharau, sasa ilikuwa inamrudia. Siku mbili zile nilipiga msasa nikiimba.

Siku ya tatu, Jumanne asubuhi, dada akaweka randa chini. "Jiwe lile ni la mwisho," akasema. "Mbao zikikosewa zinakatwa upya. Jiwe likitobolewa limetobolewa. Sisi hulikata mwisho, makabati yakishakaa, lakini Profesa ana haraka, atakata vyote siku moja. Mpigie Mkunga kwa simu yako, namba yako haijui. Mwambie asikubali kukatwa kitu kabla ukuta haujapimwa tena."

"Dada, una wazimu? Amekuita mwizi!"

"Kaambiwa uongo, akauamini. Kosa lake ni hilo tu. Mpigie."

"Na Profesa tumwokoe?"

"Mpigie, mdogo wangu. Jiko ni la mama wa watu."

Nikachukua simu nikatoka nyuma ya banda, kwenye mabaki ya mbao. Nilisimama pale na simu sikioni. Sikubonyeza kitu. Nikasema kwa sauti, ili dada asikie kupitia mabati: "Shikamoo mama... ndiyo mama... apime kwanza, ndiyo... haya, asante mama." Naliweka wazi, na mkitaka mnihukumu: sikusita hata kidogo. Nilikuwa namwona Profesa akisimama katikati ya jiko lile na kalamu zake nne, na picha hiyo ilikuwa tamu kuliko kitu chochote nilichowahi kuonja. Nikarudi ndani.

"Kasema nini?" dada akauliza.

"Kasema amesikia."

Akapumua, akaokota randa.

Siku ya kufunga jiko nilijipa safari. Tulikuwa na kipande cha kigae cha Mkunga alichotuachia tulinganishe rangi. Nikakishika mkononi kama barua ya serikali nikaenda kukirudisha. Nilikuta lori mlangoni, mafundi wawili wanabeba, na Profesa uani ananyooshea watu vidole. Mkunga alikuwa amevaa kitenge kipya. Alinipokea kwa ubaridi lakini hakunifukuza, nami nikajibanza karibu na mlango wa nyuma, mahali pa kuona vizuri.

Kabati la kwanza likakaa kona, sawa. La pili, sawa. La mwisho likafika, wakalisukuma, likakataa. Wakalisukuma tena. Lilikuwa limejitokeza mbele ya mlango wa nyuma, sentimita kumi kamili, mlango haufunguki. "Sukumeni!" Profesa akafoka. Wakasukuma mpaka lipu ikamwagika. Yule fundi mzee, yule yule mtu mwema, akatoa futi akapima. "Kumi," akasema.

Mkunga akasogea kwenye meza yake ya kazi akaweka mikono juu, na mabega yakampanda mpaka masikioni. "Mbona kama nimesimama kwenye kaunta ya benki?" akauliza. Fundi mzee akapima kutoka sakafuni. "Kumi," akasema tena, na safari hii akakunja uso. Wakaleta jiwe, zuri mno, wakalilaza. Shimo la sinki likakaa pembeni ya dirisha, na bomba la maji machafu likabaki linatazama jiwe zima. Fundi mzee hakuhitaji kupima. Alichukua ile karatasi ya rangi, akaisoma polepole kwa kidole, kisha akamgeukia bosi wake mbele ya watu wote.

"Bosi, namba hizi ni za dada. Dada huanzia kumi. Wewe mchoro huu umeutoa wapi?"

Nawaambieni, nimeshaona watu wakiumbuka, lakini vile sijaona. Profesa akisema mchoro si wake, ni mwizi. Akisema ni wake, ni mpumbavu. Akagusa kalamu zake kana kwamba moja ingemjibia. Jasho likamtoka puani. Nilikaa pale nikamla kwa macho, mfupa kwa mfupa, na miaka kumi na tano ya dada ikanishuka kooni kama maji baridi.

"Toka," Mkunga akasema. Hakupaza sauti. "Toka na mbao zako, na mtaani humu nisikusikie unajiita fundi." Profesa akatoka kinyumenyume, akajikwaa kwenye droo yake mwenyewe. Fundi mzee alimfuata akitikisa kichwa.

Mkunga akaniomba nimwite dada. Nilibonyeza simu mara moja. Dada akaja na vumbi la mbao nywelani, na Mkunga akamfuata mpaka mlangoni akamshika mikono yote miwili.

"Nilikuita mwizi, mwanangu. Nisamehe. Mtaa mzima nitauambia kwa mdomo wangu huu. Jiko ni lako, lianze upya vile ulivyotaka wewe."

Nilijua basi, mambo yamekwisha, tumeshinda. Dada aliitikia, "Yamepita, mama," lakini macho yake yalikuwa kwenye jiwe. Akaenda akapitisha kiganja kwenye ukingo wa shimo. Akauliza taratibu, bila lawama, kama mtu anayetaka kuelewa tu: "Lakini mama, kwa nini uliwaruhusu wakate? Si tulikuomba wapime kwanza?"

"Mliniomba nani?"

"Mdogo wangu alikupigia. Jumanne asubuhi."

"Jumanne?" Mkunga akanitazama, akamtazama dada. "Hakuna aliyenipigia."

Dada akageuka akanitazama. Mimi mwenye mdomo huu nilitazama kigae nilichoshika.

"Kwa hiyo mlijua," Mkunga akasema. "Mlijua jiwe langu linakwenda kukatwa vibaya."

Hapo dada alikuwa na njia. Angeninyooshea kidole tu, na ingekuwa haki. Hata mimi nilikuwa nimefungua mdomo niseme ni mimi, naapa nilikuwa nimeufungua, na ulimi ukagoma.

"Nilijua, mama," dada akasema.

Mkunga akarudi nyuma hatua moja. "Yule aliniibia kwa kuwa hana akili," akasema. "Wewe unazo. Ukanitazama nikivaa kitenge kipya. Nenda, mwanangu. Mwizi si wewe, nitawaambia watu hilo. Lakini nyumbani kwangu usirudi."

Tulitembea kurudi. Dada mbele, mimi nyuma. Nilingoja anitukane, ningemshukuru angenitukana. Tulipokaribia nyumbani nikashindwa kuvumilia. "Lakini Profesa amekoma," nikasema. "Ungeona sura yake, dada. Hatainuka tena yule."

Akasimama mlangoni mwa banda, mkono kwenye komeo.

"Profesa aliniibia mchoro," akasema. "Mchoro nitachora mwingine kesho."

Nikangoja amalizie, aseme mimi nilimwibia nini. Akaingia ndani, akachukua randa.